Umeokota Mtoto wa Mbwa: Namna ya Kumpatia Nyumba Atakayozeekea

Ilikuwa Januari, mvua za Dodoma zimekolea, niliposikia kilio chini ya kalavati karibu na kwangu, Ipagala. Maji yalikuwa yameanza kupita. Mle ndani kulikuwa na kiroba cha unga kilichofungwa mdomo kwa kamba ya katani, na ndani ya kiroba watoto watatu wa mbwa. Wawili walikuwa wamekwisha kufa. Wa tatu, jike wa rangi ya karanga za kukaanga, alikuwa akitetemeka mpaka kiroba chote kinacheza. Wanangu wakamwita Karanga palepale.

Hatukuweza kukaa naye, maana tayari tulikuwa na mbwa wawili. Mmoja wa hao wawili ndiye sababu ya mimi kuandika haya. Yeye pia nilimwokota, nikamtoa siku ya tatu kwa kijana aliyekuja na pikipiki na maneno matamu. Miezi miwili baadaye nikamkuta saiti ya ujenzi, amefungwa kwa waya kwenye rundo la nondo, jua la Oktoba linawaka, hana hata kopo la maji. Nikamrudisha nyumbani. Kidonda cha shingoni kilichukua wiki nyingi kufunga, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumtoa.

Kwa Karanga sikuwa na haraka. Nilikaa naye wiki saba, na haya ndiyo niliyoyafanya.

Kabla hujamgusa

Kichaa cha mbwa hakichagui umri. Mtoto wa mbwa mwenye sura ya huruma anaweza kuwa nacho, na macho yako hayawezi kukuambia. Mshike kwa taulo au khanga iliyokunjwa mara mbili, wala usiwaache watoto wamkimbilie. Akikung'ata au kukukwaruza, hata kidogo, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukiangalia saa. Usipake tumbaku, majivu wala mafuta. Siku hiyohiyo nenda kituo cha afya, useme wazi kwamba umeng'atwa na mbwa usiyemjua. Sindano zake si moja, na zote zimalizwe hata kama kidonda kimeshapona, kwa sababu dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huu karibu kila mara unaua.

Waambie wanao pia kwamba wakikwaruzwa waseme, hawatagombezwa. Mtoto anayeogopa kuchapwa huficha kidonda.

Kisha ulizia. Si kila mtoto wa mbwa anayelia njiani ametupwa. Wengine mama yao ameenda kutafuta chakula na atarudi. Kama hayuko hatarini, mwangalie kwa mbali saa mbili tatu. Pita nyumba za jirani, mpe taarifa mwenyekiti wa mtaa. Ukishamchukua, utakuwa na mashahidi kwamba hukuiba mbwa wa mtu.

Siku mbili za mwanzo

Joto kwanza, chakula baadaye. Mtoto aliyepoa mwili hawezi kusaga chakula, na ukimlazimisha anaweza kupaliwa au kutapika. Mkaushe, mweke kwenye boksi lenye nguo kuukuu, na pembeni weka chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwa kitambaa, iwe upande mmoja tu ili akisikia joto limezidi aweze kusogea. Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu unauma kweli, upepo unapita hata chini ya mlango, kwa hiyo boksi lisiwe barazani. Usimwogeshe siku hiyo, hata awe ananuka namna gani.

Akishapata joto mpe maji kidogo kidogo. Vuta ngozi ya mgongoni taratibu kisha uiachie: ikirudi papo hapo, ana maji mwilini, ikikaa imesimama kama kitambaa kilichokunjwa, ameishiwa, na huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo upesi. Inua mdomo uangalie fizi. Ziwe za waridi. Fizi nyeupe kama karatasi maana yake damu imepungua, mara nyingi kwa sababu ya minyoo, viroboto au kupe.

Maziwa ya ng'ombe ndicho kitu cha kwanza kila mtu atakachokushauri, na ndiyo yanayowaharisha wengi. Kama macho bado yamefumba au ndiyo kwanza yamefunguka, yaani hajafika wiki mbili tatu, anahitaji maziwa maalumu ya watoto wa mbwa na kunyonyeshwa kwa chupa kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Kazi hiyo usiianze bila daktari. Akiwa na wiki sita kama Karanga, anakula: ugali laini uliopondwa na dagaa waliochemshwa bila chumvi, au mchuzi wa mifupa wenye vipande vya nyama, kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Dagaa wa soko la Majengo huja na mchanga, waoshe mara tatu.

Sisi watu wa Dodoma tuna hatari yetu wenyewe, nayo ni zabibu. Msimu ukifika zinauzwa kila kona, watoto wanakula wanadondosha, na ni nani angedhani tunda hilo ni sumu? Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna kiasi unachoweza kusema hiki ni salama. Akizila, mkimbize kwa daktari kabla hajaanza kutapika. Vitunguu na chokoleti pia asipewe, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, maana inapasuka kama vibanzi na kuchana utumbo. Panadol na dawa nyingine za maumivu za binadamu usimpe kabisa.

Kupe watoe kwa kibano: shika karibu na ngozi, vuta moja kwa moja, usiwapasue kwa vidole. Kagua ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia. Ukiwa hapo angalia na mbigili, maana mtoto anayechechemea mara nyingi ana mwiba tu unyayoni. Nimeona watu wakimpaka mbwa oili chafu ya gari au mafuta ya taa ili kupe watoke. Ngozi inaungua, naye akijiramba anakunywa sumu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo ina nguvu iliyopimwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Nenda duka la dawa za mifugo, taja umri na uzito wa mbwa, na usipoujua uzito, jipime kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha bila yeye, utoe.

Umri wake, na safari ya kwa daktari

Watu watakaomtaka watakuuliza umri, na daktari naye atauliza, kwa hiyo jifunze kusoma meno. Meno ya utotoni huanza kuchomoza wiki ya tatu au ya nne, na kufikia wiki ya nane huwa yametimia 28, madogo na makali kama sindano. Ya mbele huanza kubadilika akikaribia miezi minne. Kwa hiyo mtoto mwenye meno yote ya sindano na hakuna lililong'oka ana umri kati ya miezi miwili na minne, na hapo huna sababu ya kubahatisha.

Kama hujui pa kuanzia, muulize afisa mifugo wa kata yako. Wengi wanamdhani ni wa ng'ombe na mbuzi tu, lakini chanjo ya kichaa cha mbwa ni kazi yake pia, na asipokuwa nayo siku hiyo atakuambia inapatikana wapi na lini. Mwombe kadi ya chanjo yenye tarehe, jina la chanjo na saini. Kadi hiyo ndiyo itakayokusaidia kuliko picha yoyote nzuri siku ya kumtafutia nyumba.

Mpangilio wenyewe ni huu. Dawa ya minyoo anapewa mara tu anapopata nafuu, kwa kipimo cha uzito wake, na inarudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka afike miezi mitatu. Chanjo za utotoni, zinazokinga parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa anapigwa akitimiza miezi mitatu, kisha anarudia baada ya mwaka.

Parvo naomba niizungumzie kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayotuvunja moyo. Mtoto anacheza asubuhi, jioni amejikunyata, kesho yake anatapika na kuharisha damu yenye harufu isiyosahaulika. Virusi vyake hukaa ardhini miezi na miezi, vinabebwa na soli za viatu. Ndiyo maana Karanga alikaa wiki mbili kwenye stoo, mbali na mbwa wangu, na bakuli lake mwenyewe, na mimi nikiwa na ndala za kuingilia humo tu. Mpaka chanjo zikamilike, usimtembeze sokoni wala mnadani, usimweke chini mahali mbwa wengine wanapojisaidia. Akianza kutapika na kuharisha damu, usisubiri kesho. Anahitaji dripu, na kila saa ina thamani.

Wiki hizo za kusubiri zisipite bure, kwa kuwa katika miezi mitatu ya mwanzo ndipo mbwa anajifunza nani wa kuogopwa na nani si wa kuogopwa. Karanga alimjua mtu mwenye fagio, mzee mwenye fimbo, mlio wa bodaboda, mtoto anayekimbia. Alishikwa miguu na masikio kila siku ili baadaye asimng'ate daktari. Usimpige. Akikojoa ndani mtoe nje, na baada ya kila mlo mtoe nje tena. Taratibu ataelewa.

Tangazo

Usitangaze siku ya kwanza. Ukitangaza mtoto akiwa bado ananuka kiroba, utapata watu wenye huruma ya siku moja. Ngoja apone, kisha piga picha tatu mchana, nje, usawa wa macho yake: uso, mwili mzima kwa ubavu, na moja akiwa karibu na mtu ili kimo chake kionekane. Andika ukweli, na wa kasoro zake pia. Letu lilikuwa hivi:

"Karanga ni jike, miezi mitatu, mbwa wa kienyeji, atakuwa wa kimo cha kati. Amechanjwa kichaa cha mbwa, chanjo za utotoni bado moja, kadi ipo. Anakula ugali na dagaa. Usiku akiachwa peke yake analia, na ndala anatafuna. Hauzwi. Tunatafuta familia yenye uzio na mtu anayeshinda nyumbani. Tutakuja kwanza kuona kwenu."

Sentensi ya mwisho itawapunguza wapigaji simu zaidi ya nusu. Waache wapungue. Anayetaka mbwa wa kwenda kuuza hapendi kutembelewa. Liweke kwenye status, magrupu ya mtaa, ya kanisani, ya wazazi wa shule, na umwachie nakala daktari wa mifugo, kwa sababu yeye ndiye anayejua ni nyumba gani imepoteza mbwa wake mzee mwezi uliopita.

Jiandae kwa neno "jike?" na simu kukatwa. Hapa kwetu kila mtu anataka dume, kwa kuogopa watoto. Hofu hiyo ina jibu: jike anaweza kufungwa kizazi na daktari, kwa kawaida akifikisha kama miezi sita. Mimi niliahidi kuchangia gharama hiyo, na nikasema kwenye simu ya kwanza. Ni fedha, najua. Lakini mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na usipofanya hivyo, kiroba kingine kitapatikana chini ya kalavati lingine.

Kumchagua mlezi

Hapa usikimbie. Katika nyumba nyingi, anayemwomba mbwa siye atakayemlisha. Anayeomba ni mtoto wa darasa la tano, au kijana anayetaka mbwa mkali, au baba anayetaka ulinzi. Anayejaza bakuli la maji saa saba mchana ni mama, au dada wa kazi, au bibi. Kwa hiyo ongea na huyo. Asiporidhia yeye, hiyo si nyumba ya mbwa, hata wengine wote wakiruka kwa furaha.

Uliza pia nyumba ni ya nani. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji umejaa watumishi waliopanga, na barua ya uhamisho haina taarifa ya mapema. Mpangaji si mlezi mbaya, ila mwenye nyumba awe amekubali kwa mdomo wake mwenyewe, na uulize wazi: ukihamishiwa Mwanza, mbwa anakwenda na nani? Wanafunzi wa vyuo nawapenda, mikono yao ni miepesi kuokoa, lakini likizo ikifika hosteli zinafungwa, na mbwa anaishi miaka kumi au zaidi. Waombe wakusaidie kupiga picha na kutangaza.

Kuna jirani zako Waislamu ambao hawatamtaka mbwa ndani, kwa sababu mate yake huhesabiwa najisi, na hilo liheshimu bila kubishana. Usimlete mtoto wa mbwa akamrukia mtu anayekwenda swala. Wapo wanaofuga mbwa wa kulinda zizi au shamba, akiwa na banda lake nje, na wanamtunza vizuri sana. Jirani yangu mmoja hakumgusa Karanga hata siku moja, lakini nilipokuwa kazini alikuwa akimwaga maji kwenye bakuli kupitia uwazi wa geti.

Ukiombwa na mfugaji wa Chamwino au Bahi, usimkatae kwa kudhani kijijini ni mateso. Mbwa anayetembea na mbuzi kutwa ana maisha ambayo mbwa wa kufungwa mjini hajawahi kuyaonja. Muulize tu mbwa wake wa zamani wamekufaje, na nani huwachanja. Swali hilo la mbwa wa zamani muulize kila mtu, kisha unyamaze usikilize. Anayesema "aligongwa, mwingine akagongwa, mwingine sijui alipotelea wapi" ameshakuambia kuhusu uzio wake.

Anayesema mbwa atafungwa mnyororo kutwa na kuachiliwa usiku, mimi huwa simpi. Kufungwa kutwa hakumfanyi mbwa mlinzi bora, kunamfanya mwoga anayeng'ata ovyo. Na mtu akikubishia kwamba mbwa ni wake atamfanya atakavyo, mwambie kwa upole kwamba nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mbwa yumo.

Aliyemchukua Karanga alikuwa mama mmoja wa Nzuguni. Aliyepiga simu ni kijana wake, anasubiri kwenda chuo. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nashukuru, ila naomba niongee na mama."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbwa mimi sikumwomba, huyu ndiye anayemtaka."

"Ndiyo maana nimekutafuta wewe, mama. Yeye akishakwenda chuo, atakayempikia ni nani?"

Akakaa kimya kidogo. "Ni mimi."

"Na wewe unaridhia?"

"Nitakuja nimwone kwanza."

Alikuja na bajaji, akakaa kwenye kigoda uani kwangu. Karanga akamfuata kunusa khanga. Kabla hajauliza chochote, yule mama akamgeuza masikio, moja kisha la pili, akatazama ndani kama mtu aliyefuga mbuzi maisha yake yote, akasema, "Kupe mmewatoa vizuri." Hapo nikajua.

Siku ya kuondoka

Mpeleke wewe, usimpe mtu wa bodaboda. Nenda asubuhi ili awe na mchana mzima wa kuzoea kabla ya usiku. Asile saa mbili tatu kabla ya safari, na asafiri ndani ya boksi lenye matundu, si kwenye kiroba. Ukifika, tembea uzio wote: mtoto wa miezi mitatu hupita mahali ambapo ngumi yako inapita. Angalia kivuli kiko wapi saa nane mchana. Bakuli la maji liwe zito, la udongo au zege, kwa sababu sufuria nyepesi hupinduliwa, na siku za mgawo hakuna bomba la kukimbilia.

Beba kitambaa alicholalia bila kukifua, chakula alichozoea cha siku tatu nne, na kadi. Andikeni karatasi moja ya kawaida, nakala mbili: jina lake, tarehe, kwamba atafungwa kizazi, kwamba hatauzwa wala kugawiwa, na kwamba wakishindwa, atarudi kwako. Mstari huo wa mwisho useme kwa sauti, kwa uso mkunjufu, waelewe kwamba kumrudisha si aibu. Mtu anayeona aibu kurudisha ndiye anayefunga kiroba.

Piga simu siku ya tatu, maana usiku wa kwanza na wa pili atalia na watadhani anaumwa. Piga tena wiki ya pili. Nenda kwa macho yako mwezi wa kwanza ukiisha, na kabla hujaenda waarifu. Ukikuta mbavu zinahesabika au shingo ina alama ya kamba, ongea kwanza. Mara nyingi ni kutojua, na kunarekebishika kwa dawa ya minyoo na mkanda mpana wa shingoni. Isiporekebishika, karatasi unayo.

Machi iliyofuata sikuhitaji kupiga. Yule mama ndiye aliyepiga: kadi inasema chanjo ni wiki hii, afisa mifugo atapita Alhamisi, nije kama nina nafasi. Nilikwenda. Karanga alinibwekea getini, hakunyamaza mpaka mama alipotoka.